Vifaru vya majaribio vya Ujerumani na madini ya Katanga

Kila mara tunapozungumza hewani juu ya vita ya 1940-1945, kuna swali moja inarudia kwenye simu za wasikilizaji: kama Wajerumani walikuwa na vifaru vya kutisha vile, namna gani walishindwa? Na kuna ingine inayokuja nyuma yake: vifaru vya leo, vile tunavyoona kwenye televizyo, viliiga nini kutoka kwa vile vya zamani?

Tulifikiri jibu itakuwa fupi. Haikuwa fupi, juu kila tulipofungua ukurasa wa historia hii tulikuta jina ya kitu kinachochimbwa huku kwetu: shaba, kobalti, manganezi, uraniumu. Mutu wa Kolwezi ao wa Sandoa anaweza kufikiri kama mambo ya vifaru vya Ujerumani hayamuhusu. Yanamuhusu, na tutaonyesha namna gani.

Tuelewane kwanza juu ya jina. Huku kwetu kila gari ya vita iliyovikwa chuma inaitwa blende. Lakini kifaru chenyewe kiko kitu kingine: kinatembea juu ya cheni za chuma, hakina magurudumu ya mpira, juu yake kuna kichwa kinachozunguka chenye muzinga, na mwili wake wote ni ngao nzito. Zile gari nyeupe za MONUSCO zenye magurudumu, ambazo wakaaji wa Kivu na Ituri wanazijua, ni blende, haziko vifaru. Katika kifaru vitu vitatu vinagombana siku zote: ngao, muzinga na mwendo. Ukiongeza ngao, uzito unapanda, motere inachoka na daraja inavunjika. Ukipunguza uzito, kombora inapita ndani. Karibu majaribio yote ya Wajerumani yalikuwa namna ya kutuliza ule ugomvi.

Trekta zisizolima

Katika vita ya kwanza ya dunia Ujerumani ilichelewa. Waingereza walitoa vifaru vyao vya kwanza Septemba 1916. Wajerumani walifikisha chao, A7V, kwenye mapigano katika 1918 tu, na vyote walivyotengeneza vilikuwa 20 hivi. A7V ilikuwa sanduku kubwa ya chuma, watu 18 ndani yake. Tarehe 24 Aprili 1918, karibu na Villers-Bretonneux katika Ufaransa, zilikutana na vifaru vya Waingereza. Ilikuwa mara ya kwanza kifaru kupigana na kifaru.

Kisha kushindwa, mukataba wa Versailles wa 1919 uliwakataza kabisa kuwa na vifaru. Hapo ndipo majaribio ya kweli yalianza, kwa siri. Daimler-Benz, Krupp na Rheinmetall zilipewa kazi ya kutengeneza, kila moja mbili, mashine iliyoitwa Großtraktor, maana yake «trekta kubwa». Kulikuwa pia «trekta nyepesi». Zilipelekwa mbali na macho ya Wafaransa na Waingereza, mpaka Urusi, kwenye kambi ya Kama karibu na muji wa Kazan. Kule askari wa Ujerumani na wa Urusi walijifunza pamoja toka 1929 mpaka 1933, watu ambao miaka minane kisha pale wangeuana kwa mamilioni. Hata Panzer I, kifaru cha kwanza kilichotengenezwa kwa wingi, kwenye makaratasi kilianza kama trekta ya shamba. Mutu yeyote anayeishi karibu na mupaka huku kwetu anaelewa: karatasi inasema hivi, muzigo ni kitu kingine.

Zile trekta zilivunjika mara nyingi. Mashine iliyofuata, yenye vichwa vitatu vya kufyatulia, nayo haikufaa kwa vita. Zilitoka tano tu, na tatu zilipelekwa Norwe katika 1940, ambako zilipigwa picha mujini Oslo ili dunia ifikiri kama Ujerumani iko nazo mingi. Lakini kwenye kushindwa kule Kama walijifunza jambo moja ambalo mpaka leo halijaondoka: kifaru ni watu wanaokaa ndani, na kila mutu anapaswa kuwa na kazi moja.

Angalia tofauti katika 1940. Kifaru cha Ufaransa Char B1 bis kilikuwa na ngao ya milimetre 60, karibu mara mbili ya ile ya Panzer III. Lakini kwenye kichwa chake alikaa mutu mumoja tu. Yeye peke yake aangalie adui yuko wapi, atie kombora, alenge, afyatue, na tena aamuru wenzake. Katika Panzer III walikaa watatu juu: mukubwa anaangalia na kuamuru, wa pili analenga, wa tatu anatia makombora. Kila kifaru kilikuwa na redio, na ndani watu walisemezana kwa vipaza sauti vya shingoni, juu motere inapiga kelele na sikio halisikii kitu. Fungua leo Leopard 2 ya Ujerumani ao Abrams ya Marekani, utakuta ile mupango: watatu juu, mwendeshaji chini. Warusi katika T-72 waliondoa yule wa kutia makombora na kuweka mashine pa nafasi yake, lakini anayeamuru na anayelenga walibaki wawili tofauti.

Kitu kingine kilichoingia na Panzer III, toka aina yake E, ni resori za chuma cha kujipinda. Chukua kitambaa chenye maji, ukikamue: kinajipinda, na ukikiachilia kinarudi. Chuma kirefu kimelala kwa upana chini ya sakafu ya kifaru, mwisho mumoja umefungwa, mwisho mwingine unashika gurudumu. Gurudumu ikipanda juu ya jiwe, chuma kinajipinda, ikishuka, kinarudi. Wahandisi wa inchi zingine walikuwa wakitafuta njia ile ile wakati ule, Ferdinand Porsche alikuwa ameiandikisha katika 1931, na kisha vita ikawa desturi ya dunia. T-55 iko nayo, T-72 iko nayo, Abrams na Leopard 2 vilevile.

Siyo kila kitu kiliigwa. Tiger na Panther zilikuwa na magurudumu makubwa yaliyopandana, moja mbele ya ingine, ili kugawa uzito vizuri chini. Kwenye karatasi ilipendeza. Kwenye matope ya Urusi, matope yaliingia katikati, usiku yakaganda kwa baridi, na asubuhi kifaru hakitembei. Na kama gurudumu ya ndani imeharibika, lazima kwanza utoe zile za inje. Kisha vita Leopard na Abrams hazikuchukua magurudumu ya namna ile.

Tiger ya umeme

Tarehe 20 Aprili 1942, siku ya kuzaliwa kwa Hitler, walimuletea vifaru viwili vizito kule Rastenburg ili achague. Kimoja kilikuwa cha Henschel, kimoja cha Porsche. Cha Henschel ndicho kilichokuwa Tiger ile tunayoijua. Lakini sisi watu wa shaba, ni cha Porsche kinatupasa kuangalia zaidi.

Motere zake mbili za mafuta hazikushika cheni moja kwa moja. Zilizungusha jenereta, jenereta zikatoa umeme, na umeme ukazungusha motere mbili za umeme zilizovuta cheni. Faida ni kubwa: hakuna sanduku ya vitesi ya kuvunjika, na kifaru kizito cha namna ile sanduku ya vitesi ndiyo inakufa mbele ya kitu kingine. Mwendeshaji anaongeza ao anapunguza umeme, basi. Lakini motere za Porsche zilipokea joto kupita kiasi na kuharibika. Na kulikuwa tatizo ambalo mwalimu yeyote wa umeme angeona mara moja: jenereta na motere za umeme zinafungwa kwa waya za shaba, na kwa mashine ya makumi ya tani, ni shaba mingi sana.

Ujerumani haikuwa na shaba ya kutosha. Walifikia kushusha kengele za makanisa, kwao na katika inchi walizoteka, ili waziyeyushe. Shaba ya Katanga ilikuwa upande wa pili: Ubelgiji ulitekwa Mei 1940, lakini koloni ya Congo ilibaki pamoja na Waingereza, na shaba ya Union Minière ilikwenda kwao.

Porsche alikuwa tayari amefanya miili ya vifaru karibu 90 mbele Hitler achague. Haikutupwa. Walibadilisha motere, wakaweka muzinga mrefu usiozunguka, na kuita mashine ile Ferdinand, kwa jina ya Porsche mwenyewe. Zilikuwa tani 65. Zilipigana mara ya kwanza Kursk, Julai 1943. Kwa mbali zilipiga vifaru vya Urusi bila shida. Kwa karibu zilikuwa kipofu: hazikuwa hata na bunduki ndogo mbele ya kufukuza askari wa miguu wanaokuja na baruti. Zingine zilikanyaga mabomu ya ardhini, na kuvuta tani 65 kwenye uwanja wa mapigano haiko kazi ya mutu mumoja na kamba.

Porsche hakuacha. Alitengeneza Maus, jina ambayo kwa Kijerumani ni «panya». Labda ni mzaha mukubwa kuliko yote katika historia hii. Panya hiyo ilikuwa na tani 188. Muzinga wake wa milimetre 128, na kando yake mwingine wa 75. Nayo ilitembea kwa umeme. Daraja gani itabeba tani 188? Hakuna. Kwa hiyo walipanga ipite chini ya maji: Maus moja inasimama pembezoni inatoa umeme kwa waya murefu, ingine inavuka chini ya muto na bomba ya kuvuta hewa, kisha zinabadilishana. Mutu aliyevuka Lulua wakati wa mvua anaweza kuwaza mwenyewe. Zilitengenezwa mbili tu, na moja tu ilipata kichwa chake. Kisha vita Warusi waliunganisha mwili wa moja na kichwa cha ingine, na leo iko katika makumbusho ya Kubinka, karibu na Moscow.

Kutembea chini ya maji kulibaki. Tayari katika 1940 Wajerumani walikuwa wamefunga mipira kwenye vifaru vyao ili vivuke kwenda Uingereza. Uingereza hawakufika, lakini Juni 1941 vilivuka muto Bug kuingia Urusi. Leopard 2 ya leo inaweza kuvuka maji ya metre nne ikiwa na bomba lake. Umeme nao ulibaki, lakini mahali pengine: kamyo nyingi kubwa kuliko zote za migodini duniani zina motere ya mafuta inayotoa umeme, na umeme unazungusha magurudumu. Haikutoka moja kwa moja kwa Tiger ya Porsche, lakini ni wazo lile lile. Kwenye mugodi wa shaba inakubalika. Shaba iko.

Meno magumu na mawe ya Shinkolobwe

Wale wanaotoboa mawe kwa mashine, Kolwezi ao Likasi, wanajua kile kipande kidogo cheusi kwenye ncha ya chuma cha kutobolea. Chuma kinaisha, kile kipande kinaendelea. Ni unga wa tungsteni na makaa, ulioshikamanishwa kwa kobalti kidogo na kuchomwa pamoja. Wajerumani ndio walikipata katika miaka ya 1920, na Krupp ikakiuza kwa jina Widia, kifupi cha maneno ya Kijerumani yanayosema «kama almasi».

Widia ilikuwa na kazi mbili katika vita. Ya kwanza, katika viwanda: bila meno ya namna hiyo hukati chuma cha ngao wala hutoboi muzinga kwa haraka. Ya pili ni kwenye kombora lenyewe. Ukiweka moyo mwembamba wa tungsteni ndani ya kombora nyepesi na kuipiga kwa mwendo mukubwa, nguvu yote inakuja mahali padogo na ngao inatobolewa. Wajerumani walikwenda mbali zaidi: walitengeneza mizinga ambayo tundu yake ni pana nyuma na nyembamba mbele. Moja iliingia na milimetre 28 ikatoka na 20. Ingine, Pak 41, iliingia na 75 ikatoka na 55. Kombora linabanwa kama maji kwenye mupira unaoufinya kwa kidole, na linatoka kwa kasi ya ajabu.

Zile Pak 41 zilikuwa 150 tu. Mizinga haikuwa na kosa. Tungsteni ndiyo ilikosekana. Ilikuwa ikitoka China, kisha Ureno na Hispania, na viwanda viliililia kwa ajili ya meno ya kukatia. Ilibidi wachague: kombora ao kiwanda. Walichagua kiwanda.

Hapa inaingia Katanga kwa mulango ambao hakuna aliyeutazamia. Mbele ya vita, madini ya Shinkolobwe yalisafirishwa mpaka kiwanda cha Olen katika Ubelgiji, ambako walitoa radiumu ya hospitali. Uraniumu ilibaki kama masalio yenye faida kidogo. Wajerumani walipoingia Ubelgiji Mei 1940, walikuta pale akiba kubwa, na walipeleka kwao zaidi ya tani 1000. Uraniumu iko nzito sana, karibu sawa na tungsteni. Albert Speer, waziri wa silaha wa Hitler, aliandika katika kitabu chake cha 1969 kwamba katika 1943, tungsteni ya Ureno ilipokatika, aliruhusu tani zipata 1200 za uraniumu zitumiwe kwa moyo wa makombora ya kutoboa ngao. Mawe ya Shinkolobwe yaliandikwa katika hesabu ya vifaru. Lakini Aprili 1945 Wamarekani na Waingereza walikuta tani zipata 1100 katika mugodi wa chumvi kule Stassfurt. Sehemu kubwa ilikuwa ingali imelala.

Upande wa pili wa maji, tani zingine 1200 za Shinkolobwe zilikuwa zimelala pia, ndani ya mapipa kule Staten Island, New York. Edgar Sengier, mukubwa wa Union Minière, ndiye alizituma kule katika 1940. Za kwake zilinunuliwa na jeshi la Marekani Septemba 1942, na njia yake mpaka Hiroshima tumeisimulia siku ingine.

Wazo la Speer halikufa. Leo Wamarekani wanatumia kwa vifaru vya Abrams mishale ya uraniumu iliyopunguzwa nguvu, masalio ya viwanda vya nyuklea. Walizifyatua kwa wingi katika vita ya Ghuba ya 1991, na mpaka sasa watu wanabishana juu ya vumbi yake na afya ya wakaaji wa pale. Wajerumani wenyewe walikataa uraniumu. Leopard 2 inapiga mishale ya tungsteni.

Na wale waliochimba? Hii haiandikwe kwa haraka. Mwaka 1941 dunia yote ililia shaba na kobalti ya Katanga. Kazi iliongezwa, bei ya vitu sokoni ilipanda, mushahara wa mutu mweusi ulibaki nyuma. Desemba ile wafanyakazi wa Union Minière walifanya mugomo. Tarehe 9 Desemba 1941, Elisabethville, Lubumbashi ya leo, walikusanyika kwenye kiwanja cha mpira wakitazamia jibu. Askari walifyatua risasi. Makumi ya watu walikufa, kati yao Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba ya wenzake. Vitabu vinene juu ya vifaru, vyenye picha nzuri za Tiger na Sherman, hatukukuta ndani yake hata mustari mumoja juu ya kiwanja kile.

Chuma kinachopasuka

Panther, ya 1943, ndiyo wengi wanaita kifaru bora cha Ujerumani. Wajerumani hawakuona haya kuiga: katika 1941 walikutana na T-34 ya Warusi, ambayo ngao yake imelala kama paa ya nyumba, na kombora linateleza. Panther ikalazwa vilevile. Milimetre 80 zilizolala mbele zilifanya kazi ya ukuta munene zaidi.

Lakini toka 1944 jambo la ajabu lilionekana. Kombora linapiga, halitoboi, lakini ngao inapasuka kama sahani ya udongo. Ngao haiko chuma kitupu. Unatiamo kidogo kidogo vitu vingine: manganezi, kromu, nikeli, molibdeni. Ni kama unga wa ugali, kipimo kikikosea, mwiko hausaidii. Molibdeni ilikosekana kwao. Aprili 1944 Uturuki uliacha kuwauzia kromu. Manganezi yao mingi ilitoka Nikopol, katika Ukraine, na Hitler alikatalia majenerali wake kuondoka kule kwa sababu ya ile manganezi; Februari 1944 Warusi waliichukua. Wahandisi walijaribu vipimo vipya na kuchoma chuma kwa namna zingine, na ngao zingine zilitoka nzuri, zingine hapana. Askari ndani hakuweza kujua amekalia ya namna gani.

Kusini ya Sandoa, kule Kisenge, manganezi iko. Mugodi ulifunguliwa kwa ukubwa kisha vita, katika miaka ya 1950, na kwa miaka zaidi ya makumi mawili ilishuka kwa reli kupitia Dilolo mpaka Lobito, ikaenda kwenye viwanda vya chuma vya inchi za inje. Katika 1975 vita ya Angola ilifunga reli ya Benguela, na Kisenge ilianza kulala. Wazee waliofanya kazi pale hawakuambiwa chuma chao kitafanya nini, kama ni daraja, ao sufuria, ao ngao.

Kisha vita

Washindi waligawana mafundisho. Waingereza walikuwa na Tiger nzima waliyoteka Tunisia Aprili 1943. Iko mpaka leo katika makumbusho ya Bovington, na motere yake ingali inaitika. Wafaransa walitumia Panther zenyewe miaka kadhaa, na muzinga wa AMX-13 yao ulitoka kwa muzinga wa Panther. Warusi walikuwa tayari wamekuza mizinga yao kufikia milimetre 100 kwa sababu ya Tiger na Panther, na ule muzinga ndio uko juu ya T-55.

Mwishoni mwa vita Wajerumani walijaribu pia, juu ya Panther chache, taa yenye mwangaza usioonekana kwa macho na kioo cha kuuonea, ili kupigana usiku. Miaka kumi kisha pale Warusi walitia kitu cha namna hiyo kwa vifaru vyao.

Jaribio kubwa la mwisho lilishindwa vizuri. Agosti 1963 Ujerumani ya Magharibi na Marekani walipatana kutengeneza kifaru kimoja kwa wote wawili. Walikitia kila kitu: resori za maji na gazi ili kipande na kushuka, muzinga unaorusha pia roketi, mashine ya kutia makombora, na mwendeshaji akikaa juu ndani ya kichwa kinachozunguka, katika kiti kinachozunguka kinyume ili abaki anaangalia mbele. Waendeshaji walipatwa na kizunguzungu. Bei ilipanda, wahandisi wa inchi mbili wakagombana hata juu ya vipimo vya vis. Ujerumani ilijitoa katika 1970, na bunge la Marekani likafunga mupango katika 1971.

Lakini mizigo yake iligawanywa. Motere ya nguvu za farasi 1500 iliingia Leopard 2, iliyopokelewa na jeshi la Ujerumani katika 1979. Wamarekani walianza Abrams. Na katika 1985 Abrams ilichukua muzinga wa Rheinmetall wa milimetre 120, ule ule wa Leopard 2. Rheinmetall ni ile kampuni ya zile trekta za Kama.

Huku kwetu

Katanga yenyewe ilikuwa na majaribio yake. Wakati wa kujitenga, 1960-1963, kamyo zilivikwa sahani za chuma katika viwanda vya Union Minière na kupewa askari wa Tshombe. Machi 1977 wapiganaji wa FNLC waliingia kutoka Angola, na vita ikapita kwenye mawilaya yetu ya magharibi, Dilolo, Kisenge, Mutshatsha. Mei 1978 walishika Kolwezi. Askari wa miavuli wa Ufaransa waliporuka tarehe 19 Mei, walikutana mujini na blende za Panhard AML zilizotekwa kwa jeshi la Zaire, na walizipiga kwa roketi za begani. AML ni nyepesi, tani tano na nusu hivi, magurudumu manne. Kwenye barabara zetu na madaraja yetu, hiyo ndiyo ilifika. Leopard 2 ya leo inapita tani 60.

Wakaaji wa Goma waliona T-55 za FARDC katika 2013, wakati wa mapigano na M23 upande wa Kibati. Mashine ile ilitengenezwa na Warusi kwa ajili ya kushinda watoto wa Tiger na Panther, na waliopita karibu nayo waliweza kuona vitu vyote viwili ambavyo tumesimulia: magurudumu makubwa matano kila upande, yanayoshikwa kwa vyuma vya kujipinda, na kando ya muzinga ile taa kubwa ya mviringo, ya kuonea usiku bila kuonekana.